Kichocho: Ugonjwa Unaoweza Kukaa Mwilini Miaka Mingi Baada ya Kuhama

Mafunzo ya afya kwa familia zinazozungumza Kiswahili nchini Marekani



Kipeperushi hiki kimeandikwa kwa ajili ya familia zilizowahi kuishi Afrika Mashariki, katika nchi za Maziwa Makuu, au katika kambi za wakimbizi za sehemu hizo. Kinaeleza ugonjwa ambao wengi wetu tunaujua kwa jina tangu utotoni, yaani kichocho, ambao pia huitwa bilhazia. Jambo kuu tunalotaka kila nyumba ilielewe ni hili: kichocho kinaweza kubaki mwilini kimya kwa miaka mingi baada ya mtu kuondoka mahali alipoambukizwa, na katika muda huo kikaendelea kuharibu kibofu, ini au viungo vya uzazi. Hata hivyo, hutambuliwa kwa vipimo vya kawaida na hutibiwa kwa vidonge vinavyomezwa kwa siku moja tu. Kinachowachelewesha wengi ni kwamba daktari wa hapa hajui kwamba mgonjwa wake aliwahi kuoga mtoni au ziwani, na mgonjwa naye hajui kwamba habari hiyo ina maana.

Tafadhali someni pamoja nyumbani, wakubwa na vijana. Mwishoni mtapata maswali ya kujadili.

1. Kichocho ni nini?

Kichocho ni ugonjwa unaosababishwa na minyoo midogo inayoishi ndani ya mishipa ya damu ya binadamu. Si minyoo ya tumboni tuliyozoea kuisikia, ile inayotoka na choo baada ya kunywa dawa. Minyoo hii haitoki na wala haionekani. Mnyoo mzima una urefu wa kati ya sentimita 1 na 2 hivi. Dume na jike huishi pamoja wakiwa wameshikamana ndani ya mshipa, na jike hutaga mayai kila siku.

Ipo aina mbili zinazowahusu zaidi watu waliotoka sehemu zetu. Ya kwanza huishi katika mishipa inayozunguka kibofu cha mkojo, nayo huleta kichocho cha mkojo. Ya pili huishi katika mishipa ya matumbo, nayo huleta kichocho cha tumbo. Mtu mmoja anaweza kuwa na aina zote mbili.

Ugonjwa huu ni wa kale sana. Mayai ya minyoo hii yamekutwa katika miili ya Wamisri iliyohifadhiwa kwa zaidi ya miaka 3,000. Minyoo yenyewe iligunduliwa mwaka 1851 na daktari Mjerumani, Theodor Bilharz, aliyekuwa akifanya kazi mjini Cairo, na ndiyo maana ya jina bilhazia. Kwa hiyo mtu asione haya kuwa nao. Si alama ya uchafu, si laana, na si matokeo ya mwenendo mbaya. Ni ugonjwa wa watu ambao maji yao ya kuoga, kufulia, kuvulia na kulimia yalikuwa ni yale yale ya mto, ziwa, bwawa au mfereji.

2. Jinsi kinavyoenea

Ili kichocho kienee, mambo matatu lazima yakutane: mtu mwenye minyoo, maji yasiyo ya chumvi, na aina maalumu ya konokono wanaoishi katika maji hayo. Likikosekana moja, ugonjwa haupiti.

Safari yake ni hii:

Kwanza, mtu mwenye kichocho anakojoa au kwenda haja kubwa majini au kando ya maji. Mayai yanatoka pamoja na mkojo au kinyesi.

Pili, mayai yanapofika majini huanguliwa, na kutoka humo hutokea mtoto wa mnyoo asiyeonekana kwa macho, aitwaye lava. Lava huyo humtafuta konokono na kuingia ndani yake.

Tatu, ndani ya konokono lava huongezeka kwa wiki kadhaa, hata konokono mmoja huweza kutoa maelfu ya lava wa aina ya pili. Hawa hutoka mchana, kunapokuwa na mwanga, nao huweza kuishi majini kwa muda wa hadi saa 48.

Nne, mtu anapoingia majini, hata kama amesimama tu na maji yamemfika magotini, lava hupenya ngozi yake katika dakika chache. Hapahitajiki kidonda, wala si lazima mtu ayanywe maji. Baadaye lava husafiri kwa njia ya damu, hupita mapafuni, hukomaa katika mishipa ya ini, kisha huhamia kwenye mishipa ya kibofu au ya matumbo. Wiki kadhaa baada ya kuingia, huanza kutaga.

Mambo mawili katika safari hii yanastahili kukumbukwa. La kwanza ni kwamba minyoo haizaani na kuongezeka ndani ya mwili wa mtu. Idadi yake huongezeka tu mtu anaporudi tena kwenye maji yenye lava. La pili ni kwamba kinachodhuru hasa ni mayai. Karibu nusu ya mayai hushindwa kutoka nje, yakanasa katika nyama ya kibofu, matumbo, ini au viungo vya uzazi. Mwili hupigana nayo, na mapambano hayo ya miaka mingi huacha makovu.

3. Sehemu ambazo watu wengi huambukizwa

Shirika la Afya Duniani linasema kwamba zaidi ya asilimia 90 ya watu wanaohitaji tiba ya kichocho duniani wanaishi barani Afrika. Katika sehemu zetu, kichocho cha tumbo hupatikana kando ya Ziwa Victoria, kuanzia Mwanza na Ukerewe hadi Kisumu; kando ya Ziwa Albert nchini Uganda; kando ya Ziwa Tanganyika, ikiwa ni pamoja na upande wa Burundi na wa Kongo; na katika mashamba ya mpunga ya umwagiliaji kama ya Mwea nchini Kenya. Kichocho cha mkojo kimejulikana sana katika pwani ya Kenya na Tanzania. Kule Unguja na Pemba kimepungua sana baada ya miaka mingi ya kugawa dawa mashuleni na vijijini, lakini watu waliokulia huko zamani walikutana nacho.

Orodha hii haikutaja kila mahali. Kanuni iliyo salama ni hii: ikiwa uliwahi kugusa maji ya ziwa, mto, kijito, bwawa au mfereji katika nchi yoyote ya Afrika iliyo kusini mwa Sahara, jihesabu kuwa huenda uliambukizwa, hata kama ulikuwa mtoto na hata kama uliishi hapo kwa muda mfupi.

4. Kwa nini tunazungumza juu yake hapa Marekani?

Kwa sababu minyoo hii huishi muda mrefu. Kwa kawaida huishi kati ya miaka 3 na 10, na katika baadhi ya watu imekutwa hai baada ya miaka zaidi ya 30. Tuseme mtu alikulia kando ya ziwa, akahama akiwa na umri wa miaka 20, na leo ana miaka 35. Hajaingia tena katika maji ya kwao tangu hapo. Bado minyoo iliyomwingia ujanani inaweza kuwa inataga ndani yake.

Kwa sababu ya pili, madaktari wengi wa hapa hukutana na ugonjwa huu mara chache sana. Mgonjwa akilalamika kwamba mkojo wake una damu, daktari atafikiria maambukizi ya kawaida ya njia ya mkojo au mawe ya figo. Akilalamika tumbo, atafikiria vidonda vya tumbo. Si kwamba daktari hana ujuzi; hajapewa habari ya maji. Habari hiyo anayo mgonjwa peke yake.

Wakimbizi wengi kutoka Afrika hupewa dawa ya kichocho kabla ya kupanda ndege. Ukitunza karatasi za afya ulizopewa kabla ya safari, mpelekee daktari azisome. Lakini si wote waliopewa. Wapo waliokuja kwa njia nyingine, kama vile viza ya masomo, kazi au ndoa. Wapo walioshindwa kupewa siku ile kwa sababu ya kifafa au umri. Na wapo waliofika zamani, kabla ya mpango huo kuanza.

5. Dalili

Watu wengi hawana dalili yoyote kwa muda mrefu. Kutosikia maumivu si uthibitisho kwamba huna kichocho. Dalili zinapokuwapo, hutegemea muda na aina ya minyoo.

Mwanzoni. Baadhi ya watu huwashwa au kutoka vipele saa chache au siku chache baada ya kutoka majini. Kati ya wiki ya 2 na ya 8, wengine hupata homa, kikohozi, kuumwa mwili, kuharisha na mabaka ya ngozi yanayowasha. Hali hii huwapata zaidi watu ambao hawakuwahi kuambukizwa kabla, kama vile watoto waliozaliwa hapa na kwenda nyumbani kwa likizo. Homa baada ya safari ya Afrika inaweza pia kuwa malaria. Mtu aende kwa daktari siku hiyo hiyo na aseme alikotoka.

Kichocho cha mkojo. Dalili kuu ni damu katika mkojo, hasa mwishoni mwa kukojoa, pamoja na maumivu na kwenda haja ndogo mara kwa mara. Katika baadhi ya jamii zetu, kijana wa kiume akikojoa damu ilisemekana kwamba ni dalili ya kukua. Wazee hawakusema hivyo kwa ubaya. Damu ilionekana kwa vijana wengi mno hata ikazoeleka. Lakini damu katika mkojo si jambo la kawaida katika umri wowote. Kichocho cha mkojo kisipotibiwa kwa miaka mingi huweza kuziba njia ya mkojo, kuharibu figo, na hata kusababisha saratani ya kibofu.

Kichocho cha tumbo. Dalili zake ni maumivu ya tumbo, kuharisha kwa vipindi, na damu katika choo. Baada ya miaka mingi, makovu ya ini huzuia damu kupita vizuri. Ini na bandama huvimba, tumbo hujaa maji, na mishipa ya koo la chakula huweza kupasuka.

Kwa watoto. Kichocho huweza kuleta upungufu wa damu, kudumaa, uchovu na ugumu wa kujifunza. Mtoto anayesinzia darasani huenda si mvivu.

Piga simu namba 911 au nenda hospitali mara moja ikiwa mtu:
– anatapika damu, au anapata choo cheusi kama lami;
– anashikwa na udhaifu au ganzi ya miguu, au ghafla anashindwa kuzuia au kutoa mkojo;
– anapata degedege au kifafa kwa mara ya kwanza.

Mayai ya kichocho huweza, kwa nadra, kufika kwenye uti wa mgongo au ubongo. Tiba ikicheleweshwa, udhaifu wa miguu huweza kuwa wa kudumu.

6. Kwa akina mama na mabinti: kichocho katika viungo vya uzazi

Sehemu hii ni ngumu kuzungumzwa, lakini imewaumiza wengi kwa sababu haizungumzwi. Mayai ya kichocho cha mkojo huweza kunasa katika shingo ya kizazi, ukeni, na katika viungo vingine vya uzazi. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba wanawake na wasichana wapatao milioni 56, wengi wao barani Afrika, wana tatizo hili.

Dalili zake ni kutokwa na damu baada ya tendo la ndoa au nje ya siku za hedhi, maumivu ya nyonga, uchafu ukeni, na vidonda. Huweza pia kuchangia kuharibika kwa mimba, mimba kutunga nje ya kizazi, na kukosa mtoto. Vidonda hivyo vimehusishwa pia na kuongezeka kwa hatari ya kuambukizwa virusi vya Ukimwi.

Dalili hizi hufanana sana na za magonjwa ya zinaa. Hapo ndipo nyumba huingia matatani. Mke hupewa dawa za zinaa mara kwa mara bila kupona, mume huanza kushuku, au mke humshuku mume, na binti ambaye hajawahi kukutana na mwanamume huulizwa maswali ya kumdhalilisha. Ni vyema wote wafahamu kwamba kichocho hakipatikani kwa kujamiiana. Binti wa miaka 10 aliyekuwa akiteka maji mtoni anaweza kuwa nacho. Mwanamke mwenye dalili hizi ana haki ya kumwambia daktari, "Nilikulia mahali penye kichocho, naomba mlichunguze hilo pia." Anaweza kuomba ahudumiwe na daktari mwanamke na mkalimani mwanamke.

Wanaume nao huweza kupata damu katika manii, na maumivu ya sehemu za uzazi. Wasikae kimya.

7. Je, naweza kumwambukiza mtu hapa?

Hapana. Huwezi kumwambukiza mwenzako kichocho kwa kula sahani moja, kulala chumba kimoja, kutumia choo kimoja, kukumbatiana, kunyonyesha au kwa tendo la ndoa. Wala hakipatikani kwa kula samaki. Mayai yanayotoka mwilini mwako hayawezi kufanya lolote bila konokono wanaofaa, na katika majimbo ya bara la Marekani ugonjwa huu hauenei.

Ni kweli kwamba palipo na konokono wanaofaa, hata nje ya Afrika, ugonjwa unaweza kuingia. Mwaka 2013 baadhi ya watu waliooga katika mto mmoja wa kisiwa cha Corsica, Ufaransa, waliambukizwa. Tukio hilo linathibitisha kanuni yetu: njia ya ugonjwa ni maji yenye konokono, si mguso wa mtu kwa mtu.

Huenda watoto wenu wakawashwa baada ya kuogelea katika baadhi ya maziwa ya hapa. Mwasho huo mara nyingi huletwa na lava wa minyoo ya ndege. Lava hao hufa ndani ya ngozi ya mtu na hawaleti kichocho. Huisha wenyewe baada ya siku kadhaa.

8. Vipimo

Vipo vipimo vya aina tatu, na daktari huchagua kinachofaa au hutumia zaidi ya kimoja.

Kipimo cha mkojo. Mayai hutoka kwa wingi zaidi kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana. Ukiombwa mkojo kwa ajili ya kichocho, uliza kama unaweza kuutoa katika saa hizo.

Kipimo cha choo. Kwa kuwa mayai hayatoki kila siku kwa kiasi kilekile, unaweza kuombwa choo cha siku tofauti.

Kipimo cha damu. Hiki huonyesha kama mwili umewahi kupambana na minyoo hii. Kinafaa sana kwa mtu aliyehama, ambaye huenda ana minyoo michache na mayai yake hayaonekani kwa urahisi. Kwa mtu aliyetoka safarini karibuni, kipimo huaminika zaidi kikifanywa wiki 6 hadi 12 baada ya kugusa maji mara ya mwisho. Jueni pia kwamba kipimo hiki huweza kuendelea kuonyesha kichocho kwa miaka mingi hata baada ya mtu kupona. Kwa hiyo tunzeni karatasi inayoonyesha siku mliyotibiwa.

Wengine huogopa kupimwa wakidhani matokeo yataharibu mambo yao ya uhamiaji. Kichocho hakimo katika orodha ya magonjwa ya kuambukiza yanayomzuia mtu kupewa ruhusa ya kuingia au kukaa Marekani. Pia sheria inazitaka hospitali na kliniki zinazopokea fedha za serikali ya shirikisho zikupatie mkalimani bila malipo. Si vyema mtoto awe mkalimani wa mzazi wake katika mazungumzo kama haya.

9. Dawa

Dawa ya kichocho huitwa prazikwanteli. Imetumika tangu miaka ya 1970 na mamilioni ya watu, wakiwamo wanafunzi wa shule za Afrika Mashariki katika ugawaji wa kingatiba. Kiasi chake hupimwa kwa uzito wa mwili, kwa kawaida miligramu 40 kwa kila kilo. Mtu wa kilo 60 hupewa vidonge 4 vya miligramu 600, kwa mara moja au kwa kugawanywa katika siku hiyo moja. Msigawane dawa ya mtu mmoja. Kiasi cha baba si kiasi cha mtoto.

Yameni pamoja na chakula na maji, na msivitafune, kwa kuwa ni vichungu mno. Baadhi ya watu huumwa kichwa au tumbo, husikia kizunguzungu au kichefuchefu. Hali hiyo hupita kwa kawaida katika siku moja. Usiendeshe gari siku ya dawa na siku inayofuata.

Kabla ya kumeza, mwambie daktari ikiwa:
– umewahi kushikwa na kifafa au degedege, au umewahi kuambiwa una tegu kichwani au jichoni. Dawa hii huweza kuleta hatari kwa mtu mwenye lava wa tegu katika ubongo, kwa hiyo hilo huchunguzwa kwanza;
– unatumia dawa ya kifua kikuu iitwayo rifampisini, kwa sababu huifanya prazikwanteli ishindwe kazi;
– unatumia dawa za kifafa, za virusi vya Ukimwi, au dawa nyingine yoyote, zikiwamo za miti shamba;
– una mimba au unanyonyesha. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba wanaonyonyesha, na wajawazito waliopita miezi mitatu ya kwanza, wasinyimwe tiba. Daktari wako atakueleza.

Prazikwanteli huua minyoo iliyokomaa, lakini haiui vizuri ile michanga. Ndiyo maana mtu aliyeambukizwa karibuni huweza kuambiwa asubiri au arudie dozi. Daktari anaweza pia kuomba mkojo au choo tena baada ya mwezi mmoja au miwili. Rudini kwa miadi hiyo hata kama mnajisikia vizuri. Kumbukeni pia kwamba kupona hakuleti kinga: mtu aliyetibiwa akiingia tena katika maji yenye lava ataambukizwa upya.

10. Mnapokwenda kutembelea nyumbani

Hatuwaambii msiende, wala msiwakatae ndugu wanaowaalika ziwani. Tunawaomba mjihadhari:

– Msiogelee wala kutembea miguu mitupu katika maji ya ziwa, mto, bwawa au mfereji. Maji yaonekanayo safi na matulivu si lazima yawe salama.
– Bahari haina kichocho, na bwawa la kuogelea lililowekwa klorini vizuri ni salama.
– Maji ya kuoga yaliyotekwa ziwani au mtoni yachemsheni hadi yatokote kwa dakika 1, kisha yapozwe. Au yawekeni katika chombo safi kisicho na konokono kwa siku 2 kabla ya kuyatumia.
– Maji ya kunywa yachemsheni. Lava huweza kupenya midomo na kinywa.
– Mtu akitumbukia majini kwa bahati mbaya, ajifute haraka na kwa nguvu kwa taulo. Hilo huweza kusaidia, lakini lisitegemewe kuwa kinga.
– Waangalieni zaidi watoto waliozaliwa huku. Hawana habari ya maji, na binamu zao watawavuta wakaoge nao.
– Tumieni choo, popote mtakapokuwa, ili msiwaongezee wenyeji mzigo.

Mkirudi, na ikiwa yeyote aligusa maji hayo, wekeni miadi ya kipimo hata kama haumwi.

11. Maneno ya kumwambia daktari

Unaweza kumwonyesha daktari au mkalimani maneno haya:

"Niliishi (taja nchi, wilaya au kambi) tangu mwaka ___ hadi mwaka ___. Nilikuwa nikioga, kufua, kuvua au kulima katika maji ya ziwa, mto au mfereji. Sijawahi kupimwa kichocho, au nilipewa dawa mwaka ___. Naomba mnipime."

Ikiwa unakojoa damu, una damu katika choo, au una dalili za sehemu ya 6, zitaje hata kama zimedumu miaka mingi, na hata kama ulikwisha kuzizoea.

12. Maswali ya kujadili nyumbani

1. Ni nani kati yetu aliyewahi kuishi karibu na ziwa, mto, bwawa au mashamba ya mpunga? Alikuwa na umri gani?
2. Ni nani aliyepewa dawa ya kichocho kabla ya safari? Karatasi zake ziko wapi?
3. Kwa nini mtu anaweza kuwa na kichocho leo ingawa hajaingia majini kwa miaka 15?
4. Mama akitokwa na damu nje ya siku zake, kwa nini si haki kumshuku kabla ya kupimwa?
5. Tukienda nyumbani mwaka huu, watoto tutawaeleza nini juu ya maji?

Wazazi na wazee wetu ndio wanaoyakumbuka maji yale vizuri zaidi. Waulizeni, sikilizeni majibu yao, yaandikeni, na mwende nayo kliniki katika miadi yenu ijayo.